Tiba ya kwenda na kurudi

Usiku ule Mama alichemsha tangawizi sufuria zima. Makambako mwezi wa saba ina baridi ya kupenya blanketi mbili, lakini mdogo wangu alikuwa kalala pale sebuleni jasho linamchuruzika kama katoka kunyeshewa, na papo hapo vinyweleo vimemsimama mikono yote, ngozi imekuwa kama ya kuku aliyenyonyolewa. Anapiga miayo. Mwayo mmoja haujafunga, mwingine unafungua. Kamasi, machozi, tumbo la kuendesha, miguu inarusha mateke gizani bila kumlenga mtu. Mama akasema hii ni malaria imepanda kichwani. Asubuhi tukaita bajaji, tukaenda kupima, malaria hakuna. Tukaambiwa basi itakuwa taifodi, tukapewa vidonge, tukashukuru, tukarudi na mgonjwa wetu. Jioni alipotea kama saa moja hivi. Aliporudi alikuwa mzima kabisa, anatania, anaomba ugali. Mama akavisifu vile vidonge mpaka kwa majirani.

Ilikuwa arosto, mwili unavyodai dawa za kulevya ulizozizoea. Neno lenyewe nilikuwa nalo mdomoni siku zote. Pale stendi mtu akichelewa kunywa chai anasema ana arosto, tunacheka. Sikujua kwamba lina sura, na kwamba sura yake ndiyo ile iliyolala kwenye kochi letu. Baadaye wanaoijua kazi hiyo walinieleza kuwa kwa mtu wa heroini huanza baada ya saa 6 hadi 12 tangu alipotumia mara ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea taratibu ndani ya wiki. Haiui kirahisi. Inamfanya tu mtu atamani kufa, na wakati huohuo anajua dawa ya kuimaliza iko wapi na inauzwa shilingi ngapi.

Mdogo wangu alikuwa utingo. Wenzake walimwita Scania, kwa sababu hakukubali kupanda gari jingine. Sisi ni watu wa barabara ile. Baba aliwauzia mahindi ya kuchoma madereva wa TANZAM, barabara ya Dar es Salaam kwenda Zambia, mimi nipo duka la vipuri mpaka leo, na yeye alipanda juu akaondoka nayo. Tunduma malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni siku nyingi. Baridi, hakuna kazi, hakuna usingizi, posho imeisha. Mwenzake akamwambia vuta hii utalala. Akalala. Miaka iliyofuata sitaisimulia hapa. Tuliuza vilivyouzika, na vilivyobaki aliviuza yeye.

Kitu cha kwanza tulichofanya tulipojua kilikuwa kuficha. Mama aliwaambia watu mwanaye ana vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa naulizia tiba kwa kunong'ona, tena kwa mafumbo: namuuliza mchungaji kama kuna msaada kwa kijana mwenye shida ya marafiki wabaya, namuuliza muuza duka la dawa kama kuna kitu cha mtu asiyepata usingizi. Ukiuliza kwa fumbo unajibiwa kwa fumbo. Mchungaji alituombea wiki mbili, kwa moyo wote, na simlaumu. Nilimwambia marafiki wabaya, akaombea marafiki wabaya.

Kisha mtu akanielekeza soba, zile ambazo kwenye makaratasi ya serikali zinaitwa nyumba za upataji nafuu. Ilikuwa mkoa mwingine, mbali, na sitaitaja. Unalipa mwezi, mgonjwa anaingia, geti linafungwa. Tuliuza ng'ombe wawili na pikipiki ya marehemu baba. Alikaa miezi mitatu. Alitoka mashavu yamejaa, anasali kabla ya kula, Mama akalia pale stendi mbele za watu. Wiki ya pili akiwa nyumbani tulimkuta choo cha nje, kaegemea ukuta, midomo imegeuka rangi, anapumua kama mtu anayesahau kupumua halafu anakumbuka.

Hakuna aliyetuambia. Hilo ndilo linaloniuma kuhusu mahali pale, si chakula wala magodoro. Mwili uliokaa miezi mitatu bila unga, yaani heroini, unasahau kuuhimili. Kete ambayo zamani ilikuwa inamtoa arosto tu, sasa inatosha kumzimisha pumzi. Anayetoka soba, anayetoka gerezani, anayetoka wodini baada ya kulazwa muda mrefu, wote wamo kwenye hatari hiyohiyo, na wiki za mwanzo ndizo mbaya zaidi. Tulimkimbiza hospitali, Mungu akasaidia. Nimekutana na watu waliotoka soba na mpaka leo wako klini, hawatumii tena, wana kazi na familia, kwa hiyo sizisemi zote. Ninachosema ni kwamba siku geti linapofunguliwa, lazima nje yake kuwe na kitu kinachomsubiri.

Ndipo nikaanza kutafuta kwenye simu usiku. Nilitaka tiba ambayo mtu anakwenda asubuhi na kurudi kwake, kwa sababu mojawapo isiyo ya kitaalamu: ng'ombe walikuwa wameisha. Simu ikanipeleka Marekani. Bwawa la kuogelea, minazi, kijana kasimama na farasi. (Farasi anafanya nini katika habari hii mpaka leo sijaelewa.) Lakini nilisoma, na nikaona wenzetu wameipanga hata kwa saa. Kuna tiba ya mchana ya kuanzia saa 9 kwa wiki, mtu anahudhuria vikao huku akiendelea na kazi yake. Halafu kuna ya saa 20 kwa wiki na kuendelea, ambayo ni hospitali kamili isipokuwa kitanda cha usiku. Kila mahali wanauliza kwanza bima yako ni ya nani. Nikazima simu.

Lipo jambo moja nililokutana nalo baadaye likanifurahisha. Hospitali ya mchana yenyewe haikuanzia kwenye mabwawa ya kuogelea. Moja ya za kwanza duniani ilikuwa Moscow, miaka ya 1930, ya wagonjwa wa akili, na sababu yake ilikuwa uhaba wa vitanda. Watu wakaambiwa njooni asubuhi, jioni mwende kwenu. Nikajisemea, kumbe hawa ni ndugu zetu kabisa.

Sasa namna tulivyoipata ya kwetu. Ilikuwa Jumamosi ya 2021, nimekwenda nyuma ya stendi, kwenye kijiwe chao, kukomboa simu ya Mama. Kijana mmoja asiye na meno mawili ya mbele alikuwa anakula chapati. Akaniamkia vizuri tu, shikamoo sista, akanitazama ninavyohesabu hela, akasema:

"Sista unahangaika bure. Si umpeleke MAT?"

"Mati ndiyo nini?"

"MAT. Mbeya, hospitali ya rufaa. Unakunywa dawa kila siku, arosto haikushiki. Mchizi wangu yuko kule. Bure ile."

"Sasa wewe mbona huendi?"

Akatafuna kwanza. "Nauli, sista. Ni kila siku. Na Mbeya nakaa wapi?"

Nilikuwa nimeuliza kila mahali penye meza na kiti. Aliyekuwa na jibu alikuwa pale ninapopita nimeziba pua. Na lilikuwa jibu la zamani: kliniki ya kwanza ya MAT, yaani ya kuwatibu waraibu wa heroini kwa dawa ya methadoni, Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ikapata yake 2017. Miaka minne ilikuwa wazi, na lori la mdogo wangu lilipita Mbeya kila safari.

Kuingia kwenyewe si kugonga dirisha tu na kupewa dawa. Kwa kawaida njia inapitia asasi za kiraia zinazofanya kazi vijiweni. Zina waelimishaji rika, wengi wao ni watu waliowahi kutumia, wanaofahamika na mateja wote wa mji. Hao ndio wanaomwandaa mtu, anahudhuria vikao vya mwanzo, anaeleweshwa anakokwenda, ndipo anapelekwa kliniki. Anatakiwa aende na mtu wake, ndugu au rafiki atakayesimama naye. Huko wanamsikiliza, wanampima mkojo kuhakikisha kweli anatumia afyuni ya aina yoyote, wanapima virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na homa ya ini. Mdogo wangu alikataa kipimo cha UKIMWI mara mbili. Mara ya tatu mshauri, mama mtu mzima, hakumshawishi kitu, alimwambia tu, "Mwanangu, kaa hapa tuongee habari za Tunduma." Wakaongea Tunduma nusu saa. Akapima.

Kama huna kijana wa chapati, ipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, kupiga ni bure, waulize kliniki iliyo karibu nawe. Au nenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa wako, useme kwa jina lake. Usiseme vidonda vya tumbo.

Nyumbani ilibidi nieleze. Baba mkubwa aliitisha kikao, akauliza swali ambalo kila ukoo wenye akili lazima uulize: "Yaani mnamtoa kwenye unga mnampa unga wa serikali?" Sikuwa na jibu siku ile. Ninalo sasa, angalau la kiasi changu. Methadoni kweli ni jamii moja na heroini, hakuna anayeficha. Tofauti ni mwendo. Heroini inapanda ghafla na kuporomoka ndani ya saa chache, ndiyo maana teja anatafuta kete asubuhi, mchana na usiku, siku yake yote ni kukimbizana na arosto. Methadoni inanywewa kama shira, inapanda polepole, inakaa siku nzima. Ni sawa na kuota moto wa makaratasi na kuota moto wa gogo. Mtu akishafika kipimo chake hapati stimu, hasinzii, hatetemeki. Anakuwa mtu tu. Madaktari wa New York walianza kuwatibu hivyo waraibu miaka ya katikati ya 1960, na tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

"Na hiyo nayo ataiacha lini?" akauliza Baba mkubwa. Wapo wanaoshushwa taratibu baada ya mwaka au miaka, wakaacha. Wapo watakaoinywa muda mrefu sana, kama yeye Baba mkubwa anavyomeza vidonge vyake vya presha, ila hilo sikulisema kikaoni.

Mama mdogo anakaa Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya. Nilimpigia simu, nikamwambia ukweli wote kwa mara ya kwanza, bila fumbo, nikasubiri aseme hapana. Akasema, "Mlete. Ila kuku wangu asiwaguse."

Wiki mbili za mwanzo ndizo zilizotushinda nguvu. Wanaanza na kipimo kidogo, na wanapandisha kidogokidogo, kwa sababu dawa hii inajilimbikiza mwilini. Ukimpa mtu nyingi siku ya kwanza anaweza kulala asiamke siku ya tatu. Kwa hiyo mgonjwa anakunywa na bado arosto inamchungulia. Anaona kama ametapeliwa. Ndipo anapoongezea kete pembeni, au anashushia na pombe, na huo mchanganyiko ndio unaoua, maana vyote viwili vinalegeza pumzi. Mdogo wangu aliongezea siku ya tano. Najua kwa sababu nilikuwa nimelala chumba kimoja naye kule kwa Mama mdogo, na nilikesha nahesabu anavyopumua, mkono wangu uko kwenye mgongo wake. Asubuhi nikasema kliniki. Alininunia siku mbili. Hawakumfukuza, walimkalisha wakamweleza upya, na siku hiyo dozi walimpa baada ya kumwangalia vizuri.

Dirisha lenyewe ni jambo la dakika mbili. Nililiangalia mara nyingi sana hata nikifumba macho naliona. Foleni inasogea bila kelele, tofauti na ninavyokumbuka kelele za kijiwe. Anataja namba yake. Mfamasia anatazama kwenye orodha, anapima, anamimina kwenye kikombe kidogo, anaongeza maji. Mdogo wangu ananyanyua, anameza, anakunja uso, anaongezewa maji anayasukutua na kuyameza. Kisha lazima aongee. Aseme chochote, asante, kesho, mvua hiyo, alimradi sauti itoke, ili mfamasia ajue hakuibakiza mdomoni kwenda kuitema na kuiuza. Kila asubuhi yeye anasema, "Kamwene." Mfamasia siyo Mbena wala Mhehe, lakini siku hizi anaitika, "Kamwene."

Dakika mbili. Halafu kuna siku nzima.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu nikiwasikia watu wanauliza habari za tiba hii wanauliza dawa ni ya aina gani na ni shilingi ngapi. Dawa ni bure. Sisi kilichotukamata ni barabara. Wakati ule Uyole mpaka mjini kwenda na kurudi ilikuwa kama 1,200 kwa mtu mmoja. Mwezi mmoja ni 36,000, na miezi ya mwanzo tulikuwa wawili, kwa hiyo 72,000, na hakuna Jumapili wala sikukuu, kwa sababu arosto haina kalenda. Mshahara wangu pale dukani ulikuwa unakwenda wote kwenye daladala. Kuna wenzake waliokuwa wanatembea kwa miguu kutoka Iyunga. Kuna mmoja alikuwa anatoka Mbalizi, akipata lifti anakuja, asipopata hakuja, na ukikosa siku kadhaa mfululizo huruhusiwi kuibuka tu na kuendelea na kipimo chako kilekile. Wanakushusha, unapanda upya ngazi ulizokwisha kuzipanda. Alikuwa anapanda na kushuka hivyo, mpaka siku moja nikaona hayupo tena kwenye foleni.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kliniki nzuri ni ipi namuuliza kwanza mgonjwa atalala wapi. Iliyo karibu na kitanda chake ndiyo nzuri. Ukilazimika kumhamisha, mhamishie kwa ndugu mwenye roho ya Mama mdogo, uhesabu nauli ya mwezi kabla hujahesabu kitu kingine.

La pili ni kazi. Hili sikuliona likija. Utingo hawezi kunywa dawa ya kila siku dirishani. Lori likitoka Dar es Salaam leo, kesho liko milimani, kesho kutwa liko mpakani. Tiba ile ile iliyomrudishia nguvu za kufanya kazi ilimkataza kazi pekee aliyoijua. Alikaa wiki nyingi pale kwa Mama mdogo, kashaoga, kashakunywa dawa, saa tatu asubuhi, anaangalia malori yanavyopita kuelekea Tunduma na kutaja kila moja ni modeli gani. Saa tatu mpaka usiku ni muda mrefu kwa mtu ambaye kwa miaka siku yake ilikuwa imejaa: kutafuta hela, kumtafuta muuzaji, kukwepa polisi. Unga ulikuwa kazi, tena ya muda wote. Ukiuondoa unaacha shimo, na kikombe kile hakilifukii.

Vikao vilisaidia. Pale kliniki kuna ushauri nasaha, wa mmoja mmoja na wa kundi, na wapo wanaokutana wenyewe kwa wenyewe, mtu anasimama anasema siku zake alizokaa klini, wanapiga makofi. Mwanzoni alidharau. Alisema ni kama shule ya Jumapili ya watu wazima. Baadaye nikaona anawahi. Lakini nikisema kweli, kilichomshika zaidi kilikuwa gereji moja ndogo Mwanjelwa, ambapo fundi mzee alimkubali aoshe vipuri kuanzia saa nne, baada ya dawa. Fundi aliambiwa yote. Akauliza swali moja, kama dawa yenyewe inamfanya mtu alale kazini. Nikamwambia mwanzoni ilimlaza, sasa hapana, siku hizi inamtoa jasho tu na choo kinakuwa kigumu. Akasema choo ni shauri lake mwenyewe.

Lazima niseme na hili, kwa sababu nyumba nyingi za huku kwetu zinazolia hazililii unga. Methadoni ni ya heroini na jamaa zake tu. Haimsaidii kijana wa bangi, haimsaidii mtu wa kokeini, wala wa pombe. Na pombe ina ubaya wake ambao watu wa Iringa na Njombe, msimu wa ulanzi unapokuwa umeiva, hawapendi kuusikia: mtu aliyezoea kunywa kuanzia asubuhi, kila siku, miaka, usimfungie ndani ukamwambia acha leo. Arosto ya unga inatesa. Ya pombe inaweza kuua. Anaweza kupata degedege, akaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na watu wasiokuwepo, homa ikapanda, akafa wakati mnasema amerogwa. Huyo apelekwe hospitali kwanza, aachishwe kwa dawa chini ya macho ya daktari, ndipo habari za vikao vya mchana zifuate. Jirani yetu mmoja tulimzika hivyo, na kikao cha ukoo kikamtafuta mchawi.

Na popote utakapokwenda, pawe pa kulala au pa kwenda na kurudi, muulize anayekupokea mambo ambayo mimi sikuuliza. Daktari yupo? Anapima nini kabla ya kuanza? Mgonjwa akirudia, mnamfanyaje? Akitoka hapa, nani anaendelea naye? Atakayejibu kwa kukuhakikishia kwamba ndani ya siku 21 kijana atakuwa mpya, shika pochi yako uondoke. Pia mweleze dawa zote mgonjwa anazotumia. Kwenye foleni yetu kulikuwa na mama mmoja aliyeanza dawa za kifua kikuu, akawa analalamika arosto imerudi, wenzake wakasema anasingizia aongezewe. Hakuwa anasingizia. Rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, inaifanya methadoni iishe mwilini upesi, kwa hiyo kipimo kinabidi kiangaliwe upya.

Bibi yetu alifariki mwaka uliofuata, Aprili, mvua za mwisho mwisho. Mimi nilikuwa nimesharudi Makambako. Mdogo wangu alikuwa kipenzi cha Bibi. Katika miaka yote ile mibaya Bibi hakuwahi kumfungia mlango, alimfungia sanduku tu. Kwetu mjukuu wa kiume analala msibani, tena anachimba kaburi. Nikampigia simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Dada, mazishi saa ngapi?" Saa tisa. Akasema sawa.

Siku ya mazishi alikuwa wa kwanza dirishani asubuhi. Akapanda basi Mbeya mjini, karibu kilomita 170 mpaka Makambako, akashuka saa saba na nusu na shati jeupe la kuazima. Akaingia kaburini na vijana wenzake kumalizia kuchimba, akashika kona ya jeneza, akatupa udongo. Saa kumi na moja jioni alikuja nyuma ya jiko nilipokuwa nasonga ugali wa msiba, akasema anaondoka, kuna basi linatoka Dar linapita muda si mrefu.

Mashangazi walisikia. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Hata matanga halali? Bibi aliyemlea?" Mwingine akasema hao ndivyo walivyo, anakwenda kuvuta. Mama alikuwa amekaa mkekani katikati yao, kitenge kimemfunika kichwa. Mwanamke yule wa vidonda vya tumbo. Akakifunua kichwa, akasema, "Mwanangu anakunywa dawa ya unga kila asubuhi Mbeya. Asipokunywa ataumwa. Mwacheni awahi gari."

Pale ukumbini kukawa kimya, kisha mtu akaanzisha pambio, wakaitikia.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Mvua ilikuwa imekatika, lami inang'aa, malori yamewasha taa. Nikamuuliza kama ana nauli ya kesho ya daladala. Akapapasa mifuko ya shati lile, akakumbuka si lake, akapapasa suruali. Alikuwa na mia nane. Nikamwongezea mia nne.